Nikate Zaidi

Mfereji wa Mtopanga hutoka Alhamisi,
saa tisa usiku, na huanza kwa kikohozi.
Nyumba nzima huamka: ndoo, besheni, sufuria,
hata birika la chai hupata zamu yake.
Tuliokulia hapa twajua:
maji si yale yanayotoka,
maji ni yale uliyoyakinga.

Mimi nina mifereji miwili.
Mchana napima damu za watu maabara, Ganjoni;
Jumatatu na Jumatano jioni nafundisha chuoni, Tudor,
vijana wanaosinzia juu ya hadubini.
Mwisho wa mwezi, hati mbili za mshahara,
na kila moja ina mstari mdogo, mpole:
nafuu ya kodi, elfu mbili na mia nne.

Sikuuliza kwa nini mara mbili.
Nani huuliza chenji iliyozidi
akiwa na mtoto mgongoni na unga mkononi?

Nikaila. Sisemi uongo.
Ilikuwa nauli ya Fumo, viatu vya Fumo,
mkokoteni wa maji wiki mfereji ulipogoma,
samaki wa kupaka siku niliyojihurumia.

Hadi Juni, kwenye saiba ya Mwembe Tayari,
kijana wa kompyuta akakuna sikio:
"Dada, waajiri wawili, nafuu mbili.
Serikali hutoa moja kwa kichwa.
Wadaiwa elfu ishirini na nane, mia nane."
Nikakitazama kichwa changu kwenye kioo cha kompyuta.
Kweli, kilikuwa kimoja.

Nililipa kwa zamu yangu ya chama,
zamu niliyoingoja miezi kumi na moja,
ambayo akilini ilishakuwa friji,
imeshawashwa, ina barafu.

Mselem, kaka yangu, karani wa makontena Kipevu, alicheka:
"Huo ni mkopo usio na riba, wewe!
Ziweke sacconi, Juni uwalipe, faida urambe."
Yuko sahihi. Kwa hesabu yuko sahihi kabisa.
Lakini hesabu yake haijawahi kulala kwangu
usiku wa tarehe ishirini na tatu.
Pesa ya mwenyewe ikikaa pochini mwangu
husahau mwenyewe ni nani.

Basi nikaandika, nyuma ya fomu ya likizo:

    Kwako Mbeyu wa hesabu, salamu nakutumia,
    Nina kazi mbili, tabu, na nafuu yarudia,
    Iondoe kwa adabu, nisije Juni kulia,
    Moja haki; ni wajibu ya pili kuiachia.

Mbeyu alisoma mara mbili, akavua miwani.
"Watu huja hapa chuoni kunililia wakatwe kidogo.
Wewe waja nikukate zaidi?"
"Nikate."
"Mwezi ujao utarudi na machozi."
"Nitalia rejareja, Mbeyu. Kilio cha jumla kimenishinda."

Kisha nikatoa cheti cha bima ya maisha,
kilicholala miaka minne chini ya nguo za Idi,
kinanuka udi. Akakigeuzageuza.
"Hiki kipeleke Ganjoni leo leo.
Watakurudishia mia nne na hamsini kila mwezi.
Siku zote hizi kilikuwa wapi?"
Kabatini, nikasema. Kinajifukiza.

Nilipokuwa ngazini akanifuata, sauti chini:
"Hata mimi Jumamosi huandika vitabu vya duka, Kongowea.
Nao wananipa nafuu." Akanyamaza.
"Ile saiba yako iko upande gani?"

Mwaka ulikuwa wa mbaazi.
Nilitembea kutoka Tudor jioni zisizo na mvua,
na moja yenye mvua.

Juni, kijana yule yule:
"Sifuri, dada. Huwadai, hawakudai.
Nichapishe?"
"Chapisha mbili."

Moja iko kwenye faili.
Ya pili nimeibandika ukutani, juu ya pipa la maji,
pale friji ingekaa.